Mmea wa Kilima Cheupe na Zamu ya Kwanza Kisimani

Hapo zamani, wakati ngamia walikuwa wengi na njia zilikuwa chache, palikuwa na uwanda ulioitwa Dida Adi. Mvua ilifika huko ikitaka. Isipotaka haikufika, na hakuna aliyeilaumu. Katikati ya uwanda palikuwa na kilima cha udongo mweupe, na juu ya kilima hicho palimea kichaka ambacho watu walikiita mpembetatu, kwa sababu mbegu yake, ndogo kuliko kupe, ilikuwa na pembe tatu.

Kichaka chenyewe hakikuwa cha kumsimamisha mpita njia. Kilifika gotini. Majani yake yalikuwa ya kijivu, na maua yake ya rangi ya maziwa yalichanua kiangazi, wakati mimea mingine imebaki vijiti. Lakini ngamia akishikwa na kile kikohozi kikavu kinachomfanya akatae malisho na kumnyima ndama maziwa, dawa ilikuwa moja tu. Unachoma majani ya mpembetatu, unamshika ngamia shingo, anavuta moshi, anapiga chafya, anakutemea mate usoni, na siku chache baadaye anakula.

Ungemwuliza mtu yeyote wa Dida Adi mmea huo unapatikana wapi, angekuonyesha kwa kidevu.

"Kilima Cheupe. Kwingine hakuna."

Basi mbuzi wakaula, ngamia wakaukanyaga, watu wakaung'oa na mizizi yake. Ukapungua mpaka mtu akipanda kilima alfajiri akitafuta kichaka kimoja, alishuka jua la utosini mikono mitupu. Watu wakakutana kisimani wakakata shauri: kilima kifungwe. Mnyama asiingie. Kijiti kisitoke, ila kwa dawa, na dawa aitoe mlinzi mwenyewe. Mlinzi akachaguliwa Galgalo, mtu wa maneno machache na mbuzi wengi.

"Na mbuzi wako nao hawataingia?" wakamuuliza.

"Wangu kwanza," akasema Galgalo.

Akakata miiba, akazungushia kilima chote ua, peke yake. Kikaja kiangazi ambacho watu walikula ngozi za viatu. Mbuzi wa Galgalo wakasimama nje ya ua, wakanusa majani mabichi, wakalia. Mkewe akamwambia, "Fungua upande mmoja tu, uwape ya leo." Galgalo hakufungua. Mbuzi wakafa pale uani, pua zikiwa zimeelekea ndani. Mkewe hakusema naye mpaka mvua iliponyesha, na alipoanza kusema alikuwa na mengi.

Lakini mpembetatu ukarudi. Kilima kikajaa vichaka. Na watu wakaendelea kusema: Kilima Cheupe, kwingine hakuna.

Sasa hadithi yetu inamfuata mwanamke mmoja, Bokayo, mjane wa Halake.

Kisima cha Dida Adi kilikuwa kimoja, kirefu. Watu walishuka ndani, wakasimama kwenye ngazi za mawe mmoja juu ya mwenzake, wakapitishiana ndoo za ngozi kwa wimbo mpaka maji yakafika horini. Wa kwanza kunywesha alipata maji baridi, yaliyotuama usiku kucha. Wa katikati alipata maji. Wa mwisho alipata tope, au alipata jibu: rudi kesho. Bokayo alikuwa wa mwisho. Alikuwa wa mwisho kwa sababu Halake alikuwa wa mwisho, na baba yake Halake alikuwa wa mwisho, na zamu kisimani ilirithiwa kama jina.

Mbele yake kwa nafasi moja alikuwa shemeji yake Wario, mdogo wake Halake.

"Shemeji," Wario alikuwa akimwambia, "leo nimekuachia tope zuri. Halina kinyesi."

"Ahsante, shemeji. Nitakuandalia chai yake."

Bokayo alikuwa na ngamia wachache, na mmoja wao, jike mzee wa mizigo, ndiye aliyebeba nyumba yake kila walipohama. Miti ya nyumba, mikeka, vibuyu, vyote mgongoni mwa jike huyo. Mgongo wake ulikuwa na kidonda kisichopona. Wanawake wa Dida Adi walijaza matandiko ya ngamia nyasi kavu, na nyasi hizo zilichoma kidonda kama sindano. Jike akifungwa mizigo alilia, na Bokayo hakuweza kuvumilia kuisikia sauti ile.

Siku moja, akipita kando ya ua wa Galgalo, akaona vijiti vikavu vya mpembetatu vimenaswa kwenye miiba. Akavishika. Vilikuwa laini kama pamba. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akavichukua. Akajaza tandiko lake. Jike akabeba nyumba bila kulia. Mwaka uliofuata upepo haukuleta vijiti vya kutosha, na Bokayo akatia mkono ndani ya ua.

Na hapa pana jambo la kujua. Watu wa Dida Adi wakitua mizigo kambini, mwanamke hulikung'uta tandiko kwa fimbo ili kupe waanguke. Halikung'uti popote tu. Hutafuta kipande cha udongo mweupe, hata kama kiko mbali na nyumba, kwa sababu juu ya udongo mweupe kupe huonekana, na kupe anayeonekana hupondwa. Ndivyo walivyofanya mama zao. Bokayo naye alikung'uta hivyo kila alipohamia: Bonde la Mbuni, Mawe Mawili, Mdomo wa Laga. Kupe wakaanguka, akawaponda. Na vitu vingine vidogo vikaanguka, asiviponde.

Siku moja walirudi kupiga kambi Bonde la Mbuni. Bokayo akaenda na tandiko lake hadi kwenye udongo mweupe uleule wa zamani. Akasimama na fimbo mkononi. Mbele yake palikuwa na kichaka kidogo cha kijivu kilichofika kwenye kifundo cha mguu.

Akachuchumaa. Akachuma mbegu. Akahesabu pembe: moja, mbili, tatu.

Afanye nini? Akisema, ataulizwa mbegu zimetokaje kilimani, na aliyetoa kijiti kilimani hupoteza zamu ya kisima. Aliyepoteza zamu huhama Dida Adi. Bokayo akakata tawi la mwiba, akakifunika kichaka kisionekane na mbuzi, akarudi kambini akiimba. Tangu siku hiyo, kila alipokung'uta tandiko alikung'uta kwa nguvu, na alipokwisha kuponda kupe alisogeza udongo juu ya mbegu kwa kidole cha mguu.

Miaka ikapita. Ikaja mvua ambayo haikuwa imeonekana Dida Adi. Ilinyesha mpaka Kilima Cheupe kikalowa hadi kiini, kisha upande mmoja ukaporomoka, na upande wa pili ukaufuata. Ua, vichaka, mizizi, vyote vikaenda na maji mpaka kwenye uwanda wa chumvi, vikafa huko. Galgalo alisimama chini ya kilima akiwa ameshika mwiba mmoja. Mkewe akamshika mkono akamrudisha nyumbani.

Na mvua ile ikaleta kikohozi.

Ngamia wakaanza kukohoa boma la kwanza, wakakohoa boma la pili. Ndama wakanyonya matiti makavu. Watu wakakutana kisimani. Mzee Jarso, mpanga zamu, akasema mtu aende akatafute mpembetatu kwingine.

"Kwingine hakuna," wakasema.

"Nani amekwenda akaangalia?" Jarso akauliza.

Hakuna aliyekuwa amekwenda. Tangu enzi za babu zao walikuwa wakilisema neno hilo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekwenda kuangalia.

Wario akasimama. "Nitakwenda mimi. Ngamia wangu wa kupanda bado hakohoi, na kisimani zamu yangu hainiharakishi."

Akaenda. Hakwenda ovyo. Alipita kila palipokuwa na udongo mweupe, kwa sababu aliwaza hivi: kama mmea ulipenda kilima kile, basi ulipenda udongo wake. Pengi hapakuwa na kitu. Bonde la Mbuni akaona vichaka. Mawe Mawili akaona vichaka. Mdomo wa Laga akakuta wachimba chumvi, wageni, wenye majembe na magunia. Walikuwa wamechimba hadi hatua chache kutoka kwenye vichaka vya kijivu vyenye maua ya rangi ya maziwa.

"Msichimbe hapa," akawaambia.

"Ni pako?"

"Si pangu."

"Basi endelea na safari, ndugu."

Wario akawatazama, akatazama majembe, akashuka kwenye ngamia wake. Alikuwa ngamia wa kupanda aliyemlea tangu ndama, aliyekuja akiitwa kwa mluzi. Akawapa kamba. "Mchukueni huyu. Mkachimbe upande ule." Wakamchukua, wakahama. Wario akachuma majani, hakung'oa mzizi hata mmoja, akayatia kwenye shuka yake, akarudi kwa miguu.

Ngamia wakafukizwa. Wakapiga chafya, wakatema mate, wakala. Msimu huo walizaa, na maziwa yakawa mengi hadi watoto wakayamwagia mbwa. Dida Adi ikatulia. Watu wakanenepa, wakaanza kugombania mambo madogo, na hiyo ni dalili ya afya.

Mwaka huohuo Mzee Duba, mwenye zamu ya kwanza kisimani, akafariki kwa uzee, tumbo likiwa limeshiba. Hakuacha mtoto. Zamu ya kwanza ikabaki wazi, jambo ambalo hakuna aliye hai aliyewahi kuliona. Mzee Jarso akatangaza: zamu hii atapewa yule aliyefanya mpembetatu uwepo hata leo.

Asubuhi ya mkutano Bokayo alikuwa akifunga kamba za tandiko. Wario akaja akaegemea jike mzee.

"Shemeji, tandiko lako lina nini ndani?"

"Nyasi."

"Nyasi za pembe tatu?"

Bokayo akaendelea kukaza kamba.

"Bonde la Mbuni tulipiga kambi pamoja," Wario akasema. "Mawe Mawili pia. Mdomo wa Laga nilikushikia ngamia ukikung'uta. Nilitembea nchi nzima nikitafuta mmea, shemeji, nikajikuta nafuata nyumba yako."

"Umemwambia nani?"

"Nimemwambia huyu ngamia. Sitasema. Ukinyamaza, nitasema niliukuta na sijui ulifikaje. Lakini ukinyamaza, zamu nitaipata mimi au Galgalo. Ukisema, huenda ukapata ya kwanza. Huenda ukakosa hata ya mwisho."

"Na wewe unataka nini?"

"Nataka maji baridi, shemeji. Kwani mimi si mtu?"

Wakaenda kisimani pamoja.

Watu walikuwa wameketi, na vibuyu vya maziwa vilikuwa vikizunguka. Mzee Jarso akamwita Galgalo kwanza.

Galgalo akasema, "Nilifunga kilima. Kilipofungwa kilikuwa na vichaka vya kuhesabika kwa vidole. Mbuzi wangu walikufa nikiwatazama, na majani yalikuwa upande wangu wa ua. Mmea ulioko Bonde la Mbuni, mbegu yake ilitoka wapi? Ilitoka ndani ya ua wangu. Kama si mimi, kungekuwa na mbegu ya kupeperushwa na upepo?"

Sauti ikatoka nyuma: "Upepo wa kilima unavuma kwenda machweo, Galgalo. Bonde la Mbuni liko mawio."

"Basi ndege."

"Ndege gani anayemeza pembe tatu?"

Watu wakacheka. Galgalo hakucheka. Jarso akamwita Wario.

Wario akasema, "Ninyi nyote mlisema kwingine hakuna. Mimi nilikwenda. Mmea usiojulikana ulipo haufukizi ngamia. Na pale Mdomo wa Laga, siku moja zaidi, pangekuwa shimo. Ngamia wangu wa kupanda sasa anabeba chumvi ya wageni, na kila nikipiga mluzi hakuna anayekuja. Kama si mimi, mngefukiza kwa nini? Kwa maneno?"

"Na ulifikaje kule, huo mmea?" Jarso akauliza.

Wario akamtazama shemeji yake mara moja, kisha akatazama miguu yake. "Niliukuta."

Bokayo alikuwa ameketi mwisho, mahali pake pa siku zote. Alimwona Mzee Jarso akivuta pumzi ili aseme. Alifikiria maji ya zamu ya kwanza, yaliyotuama. Akafikiria pia kufunga nyumba juu ya jike mzee na kuondoka Dida Adi asirudi. Kisha akafikiria kile kichaka cha kwanza, kilichofika kwenye kifundo cha mguu, na jinsi alivyorudi kambini akiimba bila kumwambia mtu. Akasimama.

"Niliupeleka mimi," akasema.

Akaeleza yote: kidonda, nyasi, vijiti, kupe, udongo mweupe. Wanawake wakaanza kutazamana, kwa sababu kila mmoja aliijua kazi ile na hakuna aliyewahi kuifikiria.

"Vijiti ulivitoa ndani ya ua au nje?" Jarso akauliza.

"Mwaka wa kwanza vilikuwa vimenaswa kwenye miiba."

"Miiba ni ndani au nje?"

"Muulize aliyeijenga."

"Na mwaka wa pili?"

"Nilitia mkono."

"Mpaka wapi?"

Bokayo akaonyesha. "Kiwiko."

Watu wakapasuka kwa kicheko, hata Jarso akakohoa maziwa. Galgalo akasimama.

"Mnacheka! Mbuzi wangu walikufa kwa ua ule, na huyu aliingiza mkono kwa ajili ya mgongo wa ngamia. Huyo ni mwizi. Mnataka kumpa maji ya kwanza?"

Bokayo akasema, "Ni kweli nilichukua, Galgalo. Kichaka cha kwanza sikukikusudia, na sitasema nilikikusudia. Vilivyofuata nilivikusudia, nikavificha, nikaogopa. Lakini niambie. Vichaka vyako vyote vilikuwa ndani ya ua mmoja, juu ya kilima kimoja. Mvua ile ilipokuja, ua wako ulilinda nini? Kilichobaki Dida Adi yote ni kile nilichoiba. Kama si mimi, wewe ungekuwa mlinzi wa shimo, na Wario angekuwa anatembea mpaka leo."

Mzee Jarso akamgeukia Wario. "Wewe umeona kwa macho. Mmea huu sasa umesalimika au uko hatarini?"

"Una sehemu tatu," Wario akasema. "Kila sehemu ni kidogo, ukilala hapo miguu itatoka nje. Mbuzi wa boma moja wakishinda hapo siku moja, sehemu zinakuwa mbili."

"Basi hilo ni jepesi," Jarso akasema. "Sehemu zote tatu zizungushiwe miiba, na Galgalo asimamie. Na kila mwanamke, kwa ruhusa ya mlinzi, atie kijiti kimoja kikavu kwenye tandiko lake, akung'ute penye weupe."

Galgalo akaguna. Mkewe akamwambia, sauti ikisikika na wote, "Nilikuambia ufungue upande mmoja."

"Na mkono?" mtu akauliza. "Mkono uliofika kiwiko?"

"Adhabu ya mkono na zawadi ya mbegu vimekaa ndani ya mtu mmoja," Jarso akasema. "Akipewa zamu ya kwanza, mkono umesamehewa. Asipopewa, tutauzungumzia."

Kisha akafanya jambo alilodhani lingemsaidia. Akamuuliza kila mmoja: "Kama si wewe, nani?"

Galgalo akasema, "Kama si mimi, Wario. Alitoa kilicho chake. Hakuchukua cha mtu."

Wario akasema, "Kama si mimi, shemeji yangu. Mimi nilikuta. Yeye aliweka."

Bokayo akafikiri zaidi kuliko wenzake. Mwishowe akasema, "Kama si mimi, Galgalo. Niliiba kwake kwa sababu kwake tu ndiko kulikuwa na cha kuiba."

Mzee Jarso akashika kichwa. Ng'ambo ya uwanda vumbi lilikuwa limeanza kuinuka. Ngamia wa maboma yote walikuwa wakija kunywa, kengele za mbao zikigonga, na jike mzee wa Bokayo alikuwa miongoni mwao, mgongo umepona. Kisimani maji yalikuwa yametuama. Hori lilikuwa tupu, na halikuwa na nafasi ya kwanza ila moja.

"Nitamaliza maziwa haya," Jarso akasema, "halafu nitasema."

Akanywa taratibu sana. Lakini kibuyu kina mwisho, na ngamia wa mbele amekwisha kuinamisha shingo.

Basi ninyi mliosikia, msaidieni mzee. Aliyefunga kilima akapoteza mbuzi wake, aliyetembea akamtoa ngamia wake, na aliyetia mkono uani akapanda kwa fimbo ya kupigia kupe: ngamia wa nani waitwe kwanza?